Ufa Chini ya Lori

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya malori, asiyeziba ufa huweza kuchimba kaburi. Ufa unaoanza leo chini ya bodi, mahali ambapo dereva hapaoni wala utingo hapafikirii, ndio utakaolivunja gari mgongo kesho likiwa mteremkoni na tani za saruji juu yake. Kwa hiyo leo twapenda kusema juu ya kiungo ambacho wengi hawakijui, ila mafundi wetu wanakijua vema: fremu ya pili, ile inayolazwa juu ya chesisi kabla bodi halijawekwa.

Malori mengi hununuliwa yakiwa kichwa na chesisi tupu, na bodi likaundwa na mafundi wa papa hapa kwetu. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini bodi haliwekwi hivi hivi. Chesisi ni boriti mbili ndefu za chuma, kila moja ina umbo la herufi C, nazo zimeundwa zijipinde na kujinyonga kidogo kila gurudumu liingiapo shimoni. Kazi ya fremu ya pili ni kuutandaza uzito wa bodi na mzigo katika urefu wa boriti hizo, usije ukalemea mahali pamoja.

Hapo ndipo lilipo kosa tunalolikemea. Wako wenye malori wanaomwambia fundi, “Chomelea tu, gari lina safari kesho.” Fundi anayetaka kula hutii, akachomelea fremu moja kwa moja juu ya mdomo wa boriti, na jioni lori likaondoka liking'aa kwa rangi mpya. Lakini chuma cha chesisi kimepewa nguvu yake kiwandani kwa kipimo, na moto wa kuchomelea hukidhoofisha pale pale unapokigusa. Tena mdomo wa juu na ule wa chini ndiyo inayovutwa na kugandamizwa kuliko sehemu nyingine zote za boriti. Kuichomelea au kuitoboa ni kuukaribisha ufa nyumbani.

Njia iliyo sawa si siri. Viwanda kama Scania, Volvo na Mercedes-Benz hutoa vitabu vya maelekezo kwa waunda bodi. Breketi hufungwa ubavuni mwa boriti kwa bolti ngumu, zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Ncha ya mbele ya fremu hufikishwa karibu na kichwa cha gari, nayo hukatwa kwa mshazari. Ikiachwa butu, uzito wote hukusanyika hapo na boriti hupasuka.

Kila bodi lina desturi yake. Bodi la wazi la kuchukulia magunia hujipinda pamoja na chesisi. Tangi halijipindi, basi vifungo vyake vya mbele hutiwa springi, na vya nyuma hukazwa imara. Tipa lahitaji fremu iliyo ngumu zaidi upande wa nyuma, maana likiinua mchanga penye mwinamo na nyuma ikanyongeka, hupinduka. Na baada ya safari za kwanza, nati zote hazina budi kukazwa tena.

Sasa twauliza: lori likivunjika, nani huulizwa? Kwanza dereva, iwapo yu hai. Kisha fundi. Yule aliyeamuru kazi ya siku nne ifanywe kwa siku moja hukaa barazani kwake akilaumu barabara. Sisi hatukubali hesabu hiyo. Mwenye kuokoa fedha za bolti na breketi ameikopa fedha hiyo katika uhai wa watu wengine.

Twasema basi, mwenye lori na alete kitabu cha kiwanda pamoja na chesisi yake, tena alipe siku zote ambazo kazi inazihitaji. Wakaguzi na wainame chini ya gari, wasitosheke na rangi, taa na honi. Nanyi ndugu mafundi, heshima ya kazi ni pamoja na kukataa kazi mbaya. Fundi mmoja akikataa peke yake, mwenye gari atavuka barabara kwenda kwa jirani. Mafundi wa mtaa mzima wakikataa kwa sauti moja, hatakuwa na pa kwenda, na lori litafungwa kama ipasavyo.

Chuma hakina upendeleo. Hakimjui tajiri wala maskini, nacho hakisahau jinsi kilivyotendewa karakanani.