Kabla ya Kupakia Tenga, Pima Oili Kwanza

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nataka tuongelee pikipiki, tena ile iliyochoka, ambayo kila alfajiri inabeba mboga zako kwenda Kariakoo.

Naanza na kilichonifanya niandike. Kuna kijana mmoja huko Msongola ninamtembelea mara kwa mara. Analima mchicha, matembele na hoho kibiashara, na kazi yake ni safi kabisa. Siku moja tulikubaliana tukutane sokoni saa kumi na mbili asubuhi, anitambulishe kwa dalali wake. Nikasubiri mpaka saa mbili na nusu. Simu ilipoingia, jamaa yuko Buguruni, pikipiki imezima na kiki haisogei hata kwa kuirukia. Mzigo umefungwa nyuma, jua limeshapanda. Alipopata usafiri mwingine na kufika sokoni, matembele yalikuwa yamelala kama yamechemshwa. Dalali akayatazama, akasema, "Mdogo wangu, haya peleka kwa wafuga sungura."

Fundi alipofungua injini akakuta ndani pakavu. Pistoni imeng'ang'ania kwenye silinda, injini imenoki. Kijana akashangaa sana, akasema, "Mbona oili nilimwaga wiki tatu zilizopita tu?"

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kubadili oili ni kitu kimoja na kupima oili ni kitu kingine. Wengi tunafanya la kwanza tukidhani tumemaliza na la pili.

Fikiria hivi. Injini nyingi za pikipiki zetu za mizigo, zile za mtindo wa Honda CG 125 na ndugu zake wa Kichina, zinabeba oili kama lita moja tu. Injini ikishazeeka, ringi zimelika na sili za valvu zimekakamaa, inaanza kula oili taratibu. Ikila robo lita, umebakiwa na robo tatu. Gari ikipungukiwa na robo lita inaweza isijali, lakini kwa pikipiki hiyo ni sehemu ya nne ya damu yake yote. Na pikipiki nyingi za namna hii hazina taa ya kukuonya kwamba oili imeshuka. Utaambiwa na mlio, na mlio ukishasikika umeshachelewa.

Jambo lingine, injini hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo pamoja na oili. Sasa wewe una mzigo mzito nyuma, foleni ya Barabara ya Uhuru haisogei, joto la Dar unalijua. Upepo hakuna. Iliyobaki kukuokoa ni oili peke yake. Kama nayo imepungua, unategemea nini?

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, hiyo ni kazi ya fundi." Mimi sikubaliani. Fundi unamwona mara moja kwa mwezi, pengine siku ambayo kitu kimeshaharibika. Mbona pampu ya kumwagilia huiwashi bila kuangalia oili? Bomba la kupulizia dawa unalisafisha kila ukimaliza. Pikipiki nayo ni kifaa cha shamba, sawa na jembe. Mboga isiyofika sokoni kwa wakati ni hasara uliyoilima mwenyewe.

Utaratibu wenyewe ni huu, hauzidi dakika kumi:

1. Weka pikipiki mahali tambarare, kwa stendi kubwa ya katikati. Ukitumia stendi ya pembeni, pikipiki inalala upande mmoja, oili nayo inakimbilia huko, na kijiti kinakudanganya.

2. Washa injini ingurume yenyewe dakika tatu mpaka tano, kisha zima. Subiri dakika mbili au tatu oili ishuke chini.

3. Futa vumbi kuzunguka kifuniko cha oili kabla ya kukifungua. Mchanga wa Msongola ukiingia mle ndani ni msasa.

4. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe. Kwa injini nyingi za mtindo wa CG, unakiweka tu tunduni bila kukikaza, halafu unakichomoa na kusoma. Zipo nyingine zinazotaka kikazwe, kwa hiyo soma kitabu cha pikipiki yako. Kama yako ina kioo pembeni mwa injini badala ya kijiti, ishikilie wima ndipo uangalie.

5. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Ikikaribia ya chini, ongeza kidogo kidogo, pima tena. Usizidishe. Oili ikizidi inatoka povu, inasukuma sili, na nyingine inapandia kwenye kichujio cha hewa.

Ukiwa na kijiti mkononi, usiangalie kipimo tu. Iangalie na oili yenyewe. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kama unanusa petroli na kipimo kimepanda badala ya kushuka, kabureta inavujisha petroli mpaka ndani ya injini. Vijana wengi wakiona kimepanda wanafurahi, kumbe oili imekuwa nyepesi na hailindi kitu. Ukiona moshi wa bluu nyuma, jua injini inaunguza oili, basi uipime kila siku bila kukosa.

Na jamani, mnunue oili ya pikipiki. Nyingi ya pikipiki hizi klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaanza kuteleza hasa ukiwa na mzigo. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, na uzito ule uliotajwa kwenye kitabu chako. Hakikisha lakiri haijafunguliwa. Kariakoo kila kitu kipo, cha kweli na kisicho cha kweli, kwa hiyo nunua dukani kwa mtu utakayemkuta kesho, na uchukue risiti.

Sasa nije kwenye jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Wengi mnaolima kibiashara pikipiki haziendeshwi na ninyi. Umempa dereva, analeta hesabu kila siku, au yuko kwenye mkataba akimaliza iwe yake. Ikinoki, unakuta ugomvi. Mwenye pikipiki anasema dereva ameua injini. Dereva anasema bosi hatoi hela ya oili. Nimesuluhisha kesi kama hizi chini ya mwembe zaidi ya mara moja, na msimamo wangu ni mmoja: oili anunue mwenye pikipiki, kupima apime dereva, na kila asubuhi kiandikwe kwenye daftari. Tarehe, kipimo, kiasi kilichoongezwa, basi.

Mtu anayebanwa hesabu tangu alfajiri hawezi kuacha chakula cha watoto wake akanunua oili ya chombo chako. Ukimwachia mzigo huo, ataendesha hivyohivyo mpaka siku itakapogoma. Kwa upande wake, dereva asiyetaka kuchuchumaa dakika kumi kupima, huyo hafai kubebeshwa mzigo wako. Daftari litawasemea wote wawili. Tena litakuonyesha mapema: ukiona mwezi huu mnaongeza oili mara mbili ya mwezi uliopita, ringi zinaomba kubadilishwa kabla hazijakuaibisha njiani.

Kuhusu gharama, tusidanganyane. Chupa ya oili unainunua kwa mauzo ya asubuhi moja. Kufungua injini, kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi na ufundi, hapo umekula mtaji wa mbegu wa msimu. Na mteja uliyemkosesha mzigo siku hiyo ameshanunua kwa mwingine.

La mwisho, kama afisa ugani siwezi kuliacha. Oili chafu usiimwage mtaroni wala kwenye tuta. Kutoka Kariakoo kwenda Jangwani ni hatua chache, na pale ni bonde la Msimbazi. Mvua ikinyesha, kilichomo mtaroni kinashuka mtoni, na kando ya mto huo kuna wenzetu wanaomwagilia mboga. Weka kwenye dumu, mpelekee fundi anayekusanya.

Yule kijana wa Msongola amerudi barabarani, ingawa ilimchukua msimu mzima na ng'ombe mmoja wa baba yake. Siku hizi kijitambaa cha kufutia kijiti kimefungwa kwenye usukani. Nilipomtembelea juzi alikuwa amechuchumaa na tochi ya simu, saa kumi alfajiri, mchicha bado haujapakiwa.

Kesho asubuhi fanya kama yeye. Kisha niandikie ulikuta oili iko wapi.

Tukutane shambani.