Ubia wa Kaunti na Matajiri: Fungu Letu Liko Wapi?

Ndugu Wafanya Kazi,

Tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kitui na Makueni zimejitahidi kuleta viwanda karibu na wananchi. Makueni walijenga kiwanda cha maembe pale Kalamba. Kitui walijenga kiwanda cha nguo pale Syongila, ambacho mwaka 2020, siku za Korona, kilishona barakoa. Kazi hizo ni njema, nasi twazisifu.

Lakini fedha za kaunti ni chache, na kwa hiyo neno la siku hizi ni ubia. Kaunti hutoa ardhi. Tajiri hutoa fedha na mitambo, kisha huendesha mradi kwa miaka mingi mpaka fedha yake irudi na faida juu. Sheria ya mwaka 2021 yaruhusu kaunti kufanya mapatano ya namna hiyo.

Sisi hatupingi ubia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twauliza tu: mwenyeji huyo ni nani? Faida ya tajiri haikosi kuandikwa, wala mapato ya kaunti. Mshahara wa mfanya kazi ndio huambiwa ungoje. Na kungoja huko twakujua: ni kibarua cha msimu, leo yupo, kesho hayupo.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi mmoja si kibarua tena. Yapasa alipwe kwa mwezi. Kifungu cha 41 cha Katiba chatupa ujira wa haki na ruhusa ya kujiunga na chama. Lakini tukidai baada ya sahihi kutiwa, kaunti itasema mwajiri ni kampuni, na kampuni itasema inafuata mapatano. Tutabaki katikati.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, mapatano yasomwe hadharani, kwa Kikamba na Kiswahili, kabla ya kutiwa sahihi. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Pili, mishahara na masharti ya kazi yaandikwe humo. Tatu, chama cha wafanya kazi kiwe na kiti mezani.

Ndugu, mkutano wa wananchi ukiitwa mjini Wote au mjini Kitui, usibaki nyumbani. Nenda, simama, uulize: fungu letu limeandikwa ukurasa gani?

Umoja ni nguvu.