KOROSHO ZIMERUDI MTWARA, AJIRA JE?

Ndugu msomaji, bandari si gati na kreni peke yake. Bandari ni mlango wa nyumba. Mlango ukifunguliwa, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza: kinachotoka ni nini, na kinachoingia ni nini?

Kwa Bandari ya Mtwara jibu liko wazi kwa kila anayeishi Shangani, Chikongola au Magomeni wakati wa msimu. Kinachotoka ni korosho ghafi, na pamoja nazo zinatoka ajira za vijana na kina mama wa Kusini. Kinachoingia kwa wingi ni makontena matupu, yaliyoletwa kubeba korosho ghafi nyingine. Huo ndio mlango tunaoambiwa tuupigie makofi.

Tuanze kwa kutenda haki. Serikali ilijenga gati jipya la mita 300 pale Mtwara kwa gharama ya shilingi bilioni 157.8, fedha za walipa kodi. Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani humo aliagiza korosho zisafirishwe kupitia Mtwara badala ya kubebwa kwa malori zaidi ya kilomita 550 hadi Dar es Salaam. Agizo lile lilikuwa sahihi. Lilileta vibarua, lilileta mama lishe, lilileta mawakala wa forodha na wenye maghala. Sisi wa upinzani hatuna kawaida ya kukataa jema kwa sababu limefanywa na chama tawala.

Lakini jema nusu si jema kamili. Na watu wa Kusini wameshiba mema ya nusu nusu tangu enzi za mkoloni.

Kumbuka historia, ndugu msomaji. Bandari ile ya kina kirefu haikujengwa kwa ajili ya mkulima wa Newala. Waingereza waliijenga kwa sababu ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947, na wakatandika reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Karanga zilikataa kuota kama walivyoota wao ndotoni. Mwaka 1951 mradi ukatupwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Bandari ikabaki, reli ikabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendera yetu ikiwa tayari inapepea, reli ile nayo ikang'olewa. Kusini ikaachiwa bandari isiyo na njia ya kuifikia. Ni sawa na kumpa mtu kinywa ukamnyima koo.

Miaka ya 1970 na 1980 taifa lilikopa fedha nje na kujenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho. Deni lilikuwa la Watanzania wote. Vingi havikudumu. Uzalishaji uliokuwa umefika tani 145,000 msimu wa 1973/74 uliporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kisha ikaja enzi ya ubinafsishaji. Viwanda viliuzwa, na vingi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Jengo lililokusudiwa kumpa mama wa Masasi mshahara likawa stoo ya kumnyima mshahara huo.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wakubwa hawapendi kuipiga hadharani. Ukibangua kilo nne hadi tano za korosho ghafi, unapata kilo moja ya korosho ya kuliwa. Maana yake sehemu kubwa ya kila gunia linalopakiwa melini ni maganda. Tunalipia nauli ya baharini kusafirisha maganda hadi India na Vietnam! Na nani analipa? Mnunuzi anajua gharama zake kabla hajatoa bei mnadani. Nauli hiyo anaikata kwenye bei ya mkulima.

Kuna jambo jingine. Korosho zetu huvunwa kuanzia mwishoni mwa mwaka, wakati mikorosho ya India na Vietnam haina kitu. Kwa hiyo korosho za Tandahimba na Liwale ndizo zinazofanya viwanda vya wenzetu visifungwe na wafanyakazi wao wasirudishwe makwao. Hatuwaonei wivu kwa mshahara wao. Tunauliza tu: wa kwetu wako wapi?

Wataalamu wa serikali watasema korosho zikibanguliwa hapa, bandari itakosa tani za kusafirisha. Hoja hiyo haisimami. Leo bandari ile hukimbizana na korosho kwa miezi michache, kila mtu akilia kwamba makontena hayatoshi, kisha shughuli inapungua. Kibarua aliyekesha getini Novemba anapiga miayo ifikapo Mei. Korosho iliyobanguliwa husafirishwa mwaka mzima, kidogo kidogo, kadiri kiwanda kinavyofanya kazi. Mzigo uleule utahitaji makontena machache zaidi. Na kampuni za meli hupenda mzigo wenye ratiba kuliko mafuriko ya msimu. Bandari yenye kazi miezi kumi na miwili ina thamani kuliko bandari yenye vurugu ya miezi minne.

Kama huamini, vuka mto Ruvuma uwaulize ndugu zetu wa Msumbiji. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza nchi hiyo ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa madai kwamba mkulima angenufaika. Viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Mwaka 1999 Bunge la nchi hiyo lilipandisha ushuru huo tena ili kulinda ubanguaji. Somo lile lilitolewa mlangoni petu. Je, watawala wetu walikuwa wamelala?

Ushuru kwetu upo pia. Korosho ghafi hutozwa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikusudiwa kurudi kwenye zao. Mwaka 2018 serikali ilibadili sheria ikazikumba zote zikaingia Hazina, na wabunge wa Kusini waliopinga walionekana wakorofi. Miezi michache baadaye soko likavurugika, na Novemba mwaka huo wanajeshi wakapelekwa kusomba korosho. Baadaye serikali ilianza kugawa pembejeo za ruzuku, na tunashukuru. Lakini wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima anatakiwa aoneshwe daftari: kila msimu ushuru huu umekusanya kiasi gani, na kiwanda gani kimejengwa kwa fedha hizo?

Usidhani tunachochea. Tunawakumbusha wenye dhamana walikopita. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipohoji kwa nini gesi yao ipelekwe Dar es Salaam kwa bomba kabla ya wao kuona faida yake, walijibiwa kwa mabomu ya machozi na risasi. Watu walikufa. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Swali waliloliuliza halijafa, kwa sababu ni lilelile la korosho: je, Kusini ni mahali pa kuchotea tu?

Wala bandari haiwezi kukua bila njia. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Kusini, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Ushoroba wa Mtwara ulitiwa saini na nchi nne, Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia, mwaka 2004. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, imetajwa kwenye hotuba za bajeti hadi imezoeleka kama salamu. Wakati huohuo makaa ya mawe ya Ruvuma yanasombwa kwa malori yanayoitafuna barabara iliyojengwa kwa kodi yetu. Yakifika bandarini, vumbi lake ni jirani wa chakula. Makaa na korosho havistahili kukaa gati moja, na mvuvi wa Mikindani hastahili kulipa kwa mapafu na nyavu zake gharama ya ukuaji wa mwingine.

Kwa hiyo sisi tunasema yafuatayo.

Kwanza, kabla mnada haujafunguliwa, sehemu ya korosho itengwe kwa wabanguaji wa ndani. Mbanguaji wa hapa analazimika kununua ndani ya miezi mitatu akiba ya mwaka mzima, kwa mkopo wa benki wenye riba ya kuua. Kumshindanisha na kampuni kubwa ya nje na kuliita jambo hilo soko huria ni kiinimacho.

Pili, waliouziwa viwanda vya umma wakavigeuza maghala wavifufue au wavirudishe. Haitoshi kutenga eneo jipya la viwanda kule Maranje na kukata utepe wakati vya zamani vinaota kutu.

Tatu, Mamlaka ya Bandari itangaze kila msimu, kwa Kiswahili na kwenye mbao za matangazo, shehena iliyopita Mtwara, meli zilizotia nanga na watu walioajiriwa, wa kudumu na vibarua.

Nne, reli ipewe tarehe na fungu. Isiyo na tarehe wala fungu isitajwe tena jukwaani.

Ndugu msomaji, watakuja. Watakuja na fulana, kofia na khanga, na watasimama mbele ya gati lile jipya wakidai kura kana kwamba walilijenga kwa mifuko yao. Usiwazomee. Wasikilize hadi mwisho, kisha uwaulize swali moja tu: katika kila magunia mia yaliyopita kwenye gati hili, mangapi yalibanguliwa na mikono ya Kusini?

Wakikosa jibu, wewe unalo. Liweke kwenye sanduku la kura.