Mtoto Ashushwe Mbelekoni

Ndugu Waislamu, baridi ya Mbeya na Iringa huwafanya wazazi wengi wamfunge mtoto mchanga mbelekoni kutwa, kisha wakajivunia mashavu yake manene. Tunasema: unene peke yake si siha. Mtoto anayejinyoosha, kugaagaa na kutambaa hujenga misuli, na husaidiwa asirundike mafuta mwilini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya nusu saa kwa siku, wala asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo.

Mtume (s.a.w.) aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Basi kubeba kuna wakati wake, na kushusha kuna wakati wake.

Wala hatusemi mtoto apunguziwe chakula. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Anyonye ashibe, avikwe nguo za joto, kisha atandikiwe mkeka mbali na jiko, acheze.

Mtoto ni amana, nasi tutaulizwa. Wallahu a'lam.