Je, joto la utupu linaweza kutupa umeme wa bure?

Kwenye simu zetu hupita video za mashine zinazodaiwa kutoa umeme bila mafuta, bila jua na bila maji. Baadhi ya wanaozisambaza husema nishati hiyo inatoka kwenye utupu, kwa sababu wanasayansi wamesema utupu una joto. Mkoani Kigoma, ambako kwa miaka mingi umeme ulitegemea jenereta za dizeli, na ambako mvuvi wa dagaa anajua gharama ya kuwasha taa ziwani usiku kucha, ahadi hiyo inavutia. Tuangalie sayansi yenyewe inasemaje.

Jambo lina chembe ya ukweli. Mwaka 1976 mwanafizikia wa Kanada, William Unruh, alionyesha kwa hesabu kwamba chombo kinachoongeza mwendo bila kukoma katika utupu kinapaswa kupima joto. Kinachokwenda kwa mwendo uleule hakipimi kitu.

Chukua mfano wa boti inayotoka Ujiji ziwa likiwa shwari. Ikienda kwa mwendo uleule, chai kwenye kikombe hutulia kama uko nyumbani. Nahodha akiongeza kasi ghafla, chai hukimbilia upande wa nyuma. Kinachohisiwa si mwendo, ni kuongezeka kwa mwendo.

Sasa joto linatoka wapi? Hata ukiondoa hewa, vumbi na mwanga wote, hubaki vijiwimbi vidogo mno visivyokoma. Kijiwimbi cha hapa kina mwenzake kule. Kwa aliyetulia, wawili hao hulingana na joto halionekani. Lakini anayezidi kuongeza mwendo huacha nyuma yake eneo ambalo hata mwanga wa huko hautamfikia maadamu anaendelea hivyo. Anabaki na nusu tu ya kila jozi. Nusu isiyo na mwenzake huonekana kama vurugu, na vurugu ya namna hiyo ndiyo joto.

Ni joto kiasi gani? Ili kupata nyuzi 1 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri, chombo kinapaswa kuongeza mwendo kwa nguvu inayozidi mvuto wa dunia mara bilioni 25, kisha uzidishe tena kwa bilioni 1. Hakuna injini ya namna hiyo. Ndiyo maana hadi leo joto hilo halijapimwa moja kwa moja kwa njia ambayo wanasayansi wote wanaikubali.

Kwa mnunuzi, la muhimu zaidi ni hili: joto hilo si la bure. Hesabu zinaonyesha kwamba nishati yake inalipwa na kile kinachokisukuma chombo. Injini ikizimwa, chombo hakiongezi mwendo tena, na joto nalo hutoweka. Ni kama boti yetu: hakuna petroli, hakuna safari.

Kwa hiyo mtu akikuletea mashine ya “umeme wa utupu”, muulize nini kinaingia ndani yake, na mwombe aiwashe mbele yako kutwa nzima bila betri wala waya uliofichwa. Kwenye paneli ya sola linaingia jua. Kwenye jenereta inaingia dizeli. Akishindwa kutaja kinachoingia, usitoe fedha yako.