NYUMBA NA JAMAA: Safari ya Siku Tatu kutoka Gasorwe

Mwezi wa Julai 2023 sajini mmoja wa jeshi, mwenye nyumba na watoto wanne huko Gasorwe, alimpigia mkewe simu kumwarifu kwamba ruhusa yake ya siku kumi imekubaliwa. Angefika nyumbani Jumamosi ya tarehe 12 Agosti, na alitakiwa kuripoti kambini Jumanne asubuhi ya tarehe 22. Miaka miwili nyuma alikuwa amewaahidi watoto safari, na miaka yote miwili ahadi hiyo ilikwama. Safari hii, alisema, itafanyika.

Mkewe alifurahi, kisha akanyamaza kidogo. Fedha pekee zilizokuwamo nyumbani zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya kuezeka jiko. Zilitosha kununua mabati manane. "Baba watoto," alimwambia, "tukitumia yote, masika yatatukuta tunapika chini ya mwavuli." Wakakubaliana kwamba safari itakula mabati manne, wala si zaidi, na kwamba hayo mengine manne hayataguswa hata mtu akililia soda.

Hapo ndipo mipango ya likizo inapopaswa kuanzia. Jamaa wengi hutaja kwanza mahali wanapotaka kwenda, kisha huhangaika kutafuta fedha na siku za kutoshea mahali hapo. Askari hawezi kufanya hivyo. Siku zake zimehesabiwa na mtu mwingine, na akichelewa kurudi, kisingizio cha basi hakitamfaa mbele ya mkubwa wake.

Watoto nao walikuwa na mahali pao tayari. Binti mkubwa, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa ameonyeshwa katika simu ya jirani picha za bustani ya michezo ya Disneyland, huko California, yenye jumba la minara na magari ya kubembea. Wavulana wawili walitaka Bujumbura, waogelee katika Ziwa Tanganyika na kutazama mamba wa Musée Vivant, ile bustani ya wanyama iliyofunguliwa katika miaka ya 1970. Kitinda mimba, wa miaka minne, alitaka kwenda popote basi litakapomfikisha.

Juu ya Disneyland, haidhuru mzazi akiwaeleza watoto kilichotokea siku ilipofunguliwa, tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo ilikuwa ya wageni walioalikwa tu, lakini tiketi za kughushi zilisambaa, na watu wapatao 28,000 wakaingia, zaidi sana ya wale waliotarajiwa. Joto lilikuwa kali. Lami iliyotandazwa karibuni ikalainika hata visigino vya viatu vya akina mama vikazama ndani yake. Mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakutoa maji, na chakula kikaisha. Wenye mahali hapo walikuwa matajiri na wenye akili, na bado umati uliwashinda. Tangu wakati huo wametumia miaka mingi kujifunza namna ya kupanga foleni, na hata leo anayekwenda huko huchagua siku yake kwa uangalifu. Basi mtu wa Gasorwe anayechagua siku ya kwenda Gitega ana haja ile ile, ijapokuwa hana jumba la minara.

Bujumbura nayo ilijadiliwa kwa muda mrefu. Fukwe za ziwa hujaa watu siku za Jumapili na sikukuu, na katika miaka ya karibuni maji ya Tanganyika yamepanda mara kwa mara yakafunika sehemu ambazo zamani zilikuwa mchanga wa kukalia. Jioni viboko hutoka majini kula majani, nao si wanyama wa kuchezewa. Lakini hayo yote yangeweza kuepukwa kwa kwenda siku ya kazi na kutoka ufukoni mapema. Kilichoizuia safari ya Bujumbura ni barabara. Kutoka Gitega hadi huko ni kama kilomita 100, na sehemu ya mwisho huteremka milimani kwa kona nyingi hadi ziwani. Katika nyumba ile alikuwamo mama mzazi wa sajini, mwenye umri uliopita miaka sabini, ambaye kona kama hizo humtapisha na magoti yake hayastahimili kukaa kitini saa nyingi.

Wazo la kwanza lilikuwa kumwacha nyumbani na jirani. Hakuna aliyelitoa kwa ubaya. Lakini jioni moja binti mkubwa alipokuwa akimmenyea bibi yake ndizi, alimwuliza kama kuna mahali ambapo yeye mwenyewe angependa kufika. Bibi akajibu kwamba angependa kuzisikia ngoma za Gishora kabla ya kufa. Alizisikia akiwa msichana mdogo, kabla ufalme haujaondolewa mwezi Novemba 1966, na tangu hapo alikuwa akizisikia redioni tu. "Hukutuambia, bibi," msichana akasema. "Hamkuniuliza, mjukuu wangu," akajibu.

Simu ilipigwa tena kambini, na mashauri yakaisha usiku ule. Ingekuwa Gitega.

Na kwa hakika Gitega ni chaguo ambalo watu wa upande wa Muyinga hulisahau kwa sababu liko karibu. Barabara ya kutoka Muyinga hupitia Karuzi na kufika huko pasipo kulazimisha mtu kulala njiani. Mji huo, ambao umekuwa makao makuu ya siasa ya nchi tangu kuanza kwa mwaka 2019, una Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, yaani mwaka ule ule wa Disneyland. Ni ukumbi mmoja tu, wenye vyombo vya nyumba ya kifalme, vikapu, silaha na picha za zamani. Hauchoshi miguu ya mzee wala subira ya mtoto. Gishora yenyewe iko kilomita 7 hivi kutoka mjini. Yasemekana Mwami Mwezi Gisabo aliianzisha baada ya kumshinda Ntibirangwa, mtawala mdogo aliyemwasi, na huko hutunzwa ngoma mbili tukufu, Ruciteme na Murimirwa. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, hivyo mtoto anayesikia historia ya moja amesikia ya zote mbili. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Sajini alitaka waondoke Jumatatu, tarehe 14, ili apate siku nyingi za kupumzika baadaye. Hapo mkewe akamzuia. Kila mwaka tarehe 15 Agosti mahujaji Wakatoliki humiminika Mugera, misheni ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1899 katika eneo la Gitega. Wengi hutangulia tangu siku iliyopita. Basi hazipatikani, vyumba hujaa, na bei ya mandazi hupanda. Anayekwenda kuhiji ana sababu ya kuustahimili umati huo, kwani ni sehemu ya ibada yake. Anayekwenda kustarehe na kikongwe na watoto wadogo hana sababu. Kwa hiyo safari ikawekwa Alhamisi tarehe 17, na kurudi Jumamosi tarehe 19. Jumapili iliachwa tupu kabisa. Sajini aliiona kuwa ni siku iliyopotea, lakini mkewe alikuwa ameona jinsi mabasi yalivyokuwa yakisubiri mafuta mwaka ule, na hakukubali kuiondoa.

Palibaki suala la malazi, ambalo ndilo huvunja urafiki wa jamaa. Mke alikuwa na binamu yake Gitega, mwenye vyumba viwili. Kupeleka watu saba katika vyumba viwili ni kumtesa mwenyeji, hata kama atatabasamu. Kulala wote katika nyumba ya wageni nako kungekula mabati yote manane. Wakagawana: bibi, mama na mabinti walale kwa binamu, sajini na wavulana wachukue chumba kimoja katika nyumba ndogo ya wageni iliyo jirani. Kabla ya kukubali chumba, binamu alitumwa akaulize mambo ambayo wasafiri wengi huuliza wakiwa wamekwisha kulipa. Je, bei ni ya chumba au ya kila kichwa? Maji hutoka saa zipi? Chandarua kipo, na hakina matundu? Lango hufungwa saa ngapi? Na nyumbani kwa binamu mwenyewe liliulizwa jambo moja ambalo ni aibu kulitaja lakini ni muhimu kuliko yote: choo kiko umbali gani na mlango, kwa ajili ya mzee anayeamka usiku.

Hawakwenda mikono mitupu. Walibeba maharagwe, unga wa muhogo na mkungu wa ndizi, na mikeka miwili ili mwenyeji asiazime kwa majirani. Mke alimwambia binamu yake waziwazi: usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, basi. Mgeni anayetaja siku ya kuondoka tangu mwanzo hupikiwa kwa moyo mkunjufu.

Fedha zilitiwa katika bahasha tatu. Ya kwanza ilikuwa nauli ya kwenda na ya kurudi pamoja. Nauli ya kurudi ikilipiwa chakula, likizo hugeuka kuwa mkopo. Ya pili ilikuwa chakula, chumba na viingilio. Ya tatu, ndogo, ilishonwa katika upindo wa kitenge cha bibi na haikutajwa tena mbele ya watoto.

Watoto walipewa namba kwa umri wao, moja hadi nne, na kila walipopanda au kushuka baba yao aliwahesabu kama katika gwaride. Walicheka sana siku ya kwanza. Pale kituo cha mabasi cha Gitega, Alhamisi mchana, katikati ya wapagazi na wauza mayai, namba tatu haikuitika. Mama yake aliangusha kikapu. Lakini mtoto huyo wa miaka minane alikuwa amefunzwa kwamba akipotea asikimbie kutafuta, bali asimame karibu na mama yeyote anayeuza bidhaa na kulitaja jina la baba yake na namba yake ya simu. Simu ya sajini ililia kabla hajafika mwisho wa safu ya mabasi. Mtoto alikutwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkononi ana andazi alilopewa na mwuzaji, ambaye alikataa kulipwa.

Ijumaa waliamka mapema wakaenda Gishora. Jambo la malipo lafaa kuulizwa siku iliyotangulia, kwa kuwa wapiga ngoma ni kundi, na mgeni anapaswa kujua kama anatakiwa kulipia kichwa chake au kundi zima. Tena tangu amri ya Rais ya Oktoba 2017 maonyesho ya ngoma nje ya sherehe rasmi yanahitaji kibali, kwa hiyo si jambo la kuokota vijana njiani na kuwaomba wapige. Asubuhi ile zilikuwapo jamaa nyingine mbili, gharama ikagawanywa, na huo ukawa umati pekee katika safari nzima uliowapunguzia mzigo.

Wapiga ngoma waliingia wamebeba ngoma vichwani, wakazipanga nusu duara kuizunguka ile ya katikati. Hesabu yake daima ni witiri, na namba nne alizihesabu mara tatu ili kuhakikisha. Bibi alikuwa amewekewa kigoda kivulini. Ngoma zilipoanza hakusema neno. Wavulana, waliokuwa wamenung'unika njia nzima juu ya mamba, waliuliza kama wataweza kurudi kesho.

Hawakurudi. Alasiri walikwenda makumbusho, ambako bibi aliwaonyesha wajukuu aina ya kikapu alichokuwa akisuka mama yake na jinsi kinavyofungwa, mambo ambayo hata mwenye kuongoza wageni alisimama kuyasikiliza. Jumamosi asubuhi walikuwa kituoni na mizigo yao.

Basi halikuondoka. Dereva alikuwa katika foleni ya mafuta tangu usiku, na saa kumi jioni alirudi mikono mitupu. Jamaa waliokuwa na usafiri wa Jumapili kwenda kazini walikuwa wakigombana na karani. Sajini hakugombana. Bibi alifumua upindo wa kitenge chake, nao wakalipia vyumba viwili katika ile nyumba ya wageni, kwa kuwa binamu alikuwa ameahidiwa usiku miwili na mke hakutaka kuomba wa tatu. Walikula viazi vitamu vya kuchoma wakiwa wamekaa kitandani, na watoto wakaona kwamba huo ndio usiku mzuri kuliko yote.

Jumapili saa nane mchana walishuka Gasorwe. Jumatatu sajini alisafiri, na Jumanne asubuhi jina lake lilipoitwa kambini aliitika. Mabati manne yaliezeka nusu ya jiko mwezi wa Septemba, upande wa mafiga. Nusu ya pili ilingoja hadi Desemba.