DDT, abiria asiyeshuka kituoni

Leo tuweke pembeni mapenzi na viwanja vya kujirusha, tuongee msosi. Maana sisi watoto wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Tukiona nyanya ina madoa meupe ya dawa, tunaifuta kwa khanga, kwa suruali, kwa chochote kilicho karibu, halafu tunajiona wajanja tumeikwepa sumu. Kumbe yale madoa ni mshamba anayejitangaza. Mjanja mwenyewe huwezi kumwona.

Dawa za kuulia wadudu zina tabia tofauti, bwana. Ipo pareto, inayotokana na yale maua meupe wanayolima wenzetu wa Iringa na Mbeya. Hiyo humwangusha mbu fasta, lakini yenyewe ikipigwa na jua haichelewi kuvunjika. Ndugu zake wa kiwandani, wanaotiwa kwenye vyandarua, wametengenezwa wavumilie zaidi.

Halafu kuna jamii ya organofosfeti. Hawa ni majambazi wa mchana kweupe. Wanashambulia mishipa ya fahamu, na mkulima aliyepuliza bila kujikinga anaweza kutapika, kutokwa jasho jingi, hata kufa siku hiyohiyo. Ila shambani nyingi huvunjika ndani ya siku au wiki chache, ndiyo maana kwenye chupa huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Siku moja nilimuuliza muuza nyanya wa gengeni kwetu, zake zilipigwa dawa lini mara ya mwisho. Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama mkwe wake! Basi wewe osha kwa maji mengi. Zipo zinazoingia ndani ya mmea, lakini ile ya juujuu unaipunguza kweli.

Sasa njoo kwa DDT na jamaa zake wa ukoo wa organoklorini, kina aldrin na dieldrin. Hapo kuosha hakusaidii kitu. DDT haipendi maji, inapenda mafuta. Udongoni inaweza kuchukua kati ya miaka 2 na 15 hadi nusu yake tu iishe. Ikiingia kwenye mwili wa kiumbe inajibanza kwenye mafuta, na mwili unashindwa kuitoa haraka. Fikiria daladala inayopakia kila kituo na hakuna anayesema "shusha". Mdudu anakula majani elfu, samaki anakula wadudu elfu, ndege anakula samaki. Kila mmoja anarithi abiria wote wa yule aliyemla. Aliye juu kabisa anapata mzigo wa msururu mzima.

Unadhani natia chumvi? Kuna ziwa California, Marekani, linaitwa Clear Lake. Vijidudu vinavyofanana na mbu viliwakera sana watu pale, japo havikuwa vinauma. Mwaka 1949, tena 1954 na 1957, wakatia ziwani DDD, binamu wa damu wa DDT. Kipimo chenyewe kilikuwa kiduchu, kama sehemu 0.02 katika milioni. Nani angeogopa hapo? Baadaye walipopima, planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, vilikuwa na sehemu 5 kwa milioni. Samaki wakawa na zaidi. Na kibisi, ndege wa majini anayekula samaki, mafuta yake yalikutwa na 1,600. Mara 80,000 ya ile iliyowekwa majini! Hakuna aliyemnywesha kibisi sumu, masikini. Alikuwa anakula samaki wake tu. Jozi kama 1,000 zilizokuwa zikizaliana pale zikapukutika hadi kama 30. Rachel Carson alikisimulia kisa hiki mwaka 1962 kwenye kitabu chake Silent Spring, na wenye viwanda walimchukia kwelikweli.

Mambo ya Wamarekani hayo? Haya, panda basi la Kibaha, nenda Vikuge. Mwaka 1986 shehena ya dawa, nyingine zikiwa zimeshapitwa na wakati, ilifika shambani pale ikiwa msaada kutoka Ugiriki. Msaada, eti! Ghala lenyewe likaanguka. Baadaye masalia yanayoonekana kwa macho yakaondolewa, watu wakapumua. Lakini wataalamu walipopima udongo, matokeo yao yaliyotoka mwaka 2004 yalionyesha kuna sampuli ambazo asilimia 28 ilikuwa DDT na mabaki yake. Zaidi ya robo ya udongo! Hadi maji ya kisima yalikutwa na dawa za ukoo huo.

Na usisahau kasheshe la mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipogoma kununua samaki wa Ziwa Victoria baada ya kusikika kwamba kuna wavuvi wanavua kwa sumu. Walioumia ni pamoja na wavuvi waliotumia nyavu zao kihalali.

Dada yangu ananyonyesha, mtoto ana miezi minne. Nilipomsimulia habari hizi akauliza swali moja tu: "Maziwa yangu yana mafuta, au hayana?" Nikakosa raha. Yana mafuta, na DDT hupita humo. Ukiutazama ule msururu vizuri, wa juu kabisa si mimi wala wewe tunaojidai na nyama choma, ni kachanga kale kifuani. Hata hivyo, madaktari wanasisitiza anyonyeshwe, kwa kuwa faida za maziwa ya mama ni kubwa kuliko hofu hiyo. Nikamwambia na la Sweden. Kule walianza kupima maziwa ya akina mama zamani, na baada ya DDT kupigwa marufuku kiwango kikashuka mwaka hadi mwaka, kikawa sehemu ndogo tu ya kile cha miaka ya 1970. Abiria wanashuka, ila inachukua umri wa mtu mzima. Akamhamishia mtoto titi la pili, akaniambia nikamletee maji ya kunywa.